Mkanda wa Shingo, Mkanda wa Kifua

Nikimwona mtu amejifunga skafu shingoni na jua linawaka, huwa nasimama. Simwambii kitu, kwa sababu siku hizi kusema ni kazi kwangu, lakini namtazama anavyomeza mate. Akiinua kidevu kidogo kama kuku anayekunywa maji, najua. Mimi nilimeza hivyo karibu miaka mitatu. Mtu huyo ndiye ninayemwandikia. Udaktari sina; nilikomea kidato cha nne. Ninachokijua ni shingo yangu mwenyewe, na shingo ya mbwa mmoja aliyeitwa Bosi.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mnadi wa mitumba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota yakaanza kupanda mlima mpaka Lushoto. Watu waliozoea kupanga foleni kwenye duka la ushirika kusubiri kitambaa cha aina moja, sasa walikuwa wanapekua makoti ya kila rangi, wanajipimia juu ya nguo zao, wanachekana. Kazi ile ilinifaa. Nilizaliwa na miguu isiyotulia. Siku ya gulio la Lukozi niko Lukozi, siku ya Mlalo niko Mlalo, nikichoka na baridi nashuka Mombo, naendelea hadi Muheza kwenye harufu ya machungwa na iliki. Nililala popote giza liliponikuta. Hadi leo nikisikia harufu ya robota linapofunguliwa, ile ya dawa na ya nguo zilizokaa muda mrefu bila mwanga, moyo unaniuma kama ninapita nje ya nyumba niliyokulia na ndani wamo watu wengine.

Na nilikuwa na sauti. Nikipanda juu ya meza kule Lukozi, wanawake waliokuwa wakipalilia kabichi ng'ambo ya bonde walinyoosha migongo kutazama. Sauti hiyo nilifundishwa na Mama bila yeye kujua. Homa ilimharibu masikio nikiwa mdogo, akawa hasikii mpaka umwite kwa nguvu. Watoto wa nyumba nyingine walikatazwa kupiga kelele ndani. Sisi tulikatazwa kunong'ona. Kaka yangu Hamza ana sauti nyembamba, kwa hiyo Mama alilazimika kumtazama mdomoni akizungumza. Mimi hakunitazama. Angeweza kuwa anachambua maharage, amenipa mgongo, nikaita kutoka barabarani, "Mama, shikamoo!" naye akajibu, "Marahaba, umekuja na njaa au umekuja na maneno?" Aliwaambia wageni, "Huyu namsikia hata nikiwa mtoni."

Ugonjwa ulianza kwa namna ya kunidanganya. Moyo ulikuwa ukienda mbio, mikono inatetemeka, natoka jasho mwezi wa saba wakati wenzangu wamevaa makoti mawili. Nilikula sana na bado nilikonda. Nilidhani ni hamu ya safari tu, nikawa nahama gulio moja kwenda jingine kwa haraka zaidi. Aliyeniambia ukweli alikuwa shati. Sisi wanadi tulijichagulia mashati mazuri kabla ya kuyapandisha mezani, na namba ya shingo yangu niliijua kama jina langu: kumi na tano. Siku moja kumi na tano ikakataa kifungo. Nikachukua kumi na sita. Kufika mvua za vuli, kumi na saba nayo ikakataa, na chini ya kidevu pakawa na kitu kinachopanda na kushuka nikimeza.

Lilikuwa rovu. Huku milimani rovu si jambo geni. Kila kijiji kina bibi mwenye nalo, anazeeka nalo. Lakini ni la akina bibi. Mwanaume akiwa nalo anageuka kichekesho.

"Mnadi, umemeza mzigo?" walinitania Lukozi.

"Aliogopa ushuru," akadakia mwingine, "kaficha robota kooni!"

Nilicheka nao, kisha nikatafuta skafu. Kuanzia hapo nilivaa skafu jua na mvua. Sauti nayo ikaanza kuchoka. Nilikuwa nikinadi mpaka saa nane, ikawa saa sita, ikawa saa nne. Siku nilipofungua mdomo juu ya meza ikatoka sauti kama ya mlango wenye kutu, nilishuka, nikamwachia mwenzangu mzigo, nikarudi nyumbani kwa Mama.

Mama alinishika shingo kwa mikono miwili, akalipima rovu kama apimavyo parachichi. Kesho yake tulikwenda kwa mganga mmoja upande wa Mgwashi, safari ya kushinda njiani. Hamza alikataa kutusindikiza. "Mambo hayo dini haiyataki," alisema. Mama alijifanya hakusikia, jambo ambalo kwake lilikuwa rahisi.

Mganga alisokota kamba ya gome la mti pamoja na kitambaa cheusi. Hakunifunga yeye. Alimpa Mama, akamwelekeza, na Mama ndiye aliyenifunga, fundo likakaa kwenye kisogo changu. Sharti lilikuwa moja: aliyefunga ndiye afunguaye. Rovu likipungua kamba italegea yenyewe, na siku hiyo mama mzazi aivue kwa mkono wake. Mtu mwingine akiikata, maradhi yatamrudia aliyeifunga.

Ukisoma hayo ukiwa mzima utacheka. Mimi sikucheka. Hata kama hukuamini neno la kwanza, lile la mwisho linakushika. Ni nani atakayefanya jaribio kwa mama yake?

*

Kukaa bure sikuweza. Mjini Lushoto kulikuwa na mama mmoja Mzungu, mtaalamu wa mradi wa makinga maji, aliyekuwa akiwafundisha wakulima kuzuia udongo usiteremke na mvua. Watu walimwita Mama Mbwa, kwa sababu ya mbwa wake mkubwa wa rangi ya kahawia aliyempata kwa mlinzi, tayari ana jina la Bosi. Mama yule alishinda vijijini, mbwa akabaki anabweka. Akatafuta mtu wa kumtembeza asubuhi na jioni. Kwa kuwa kazi hiyo haikuhitaji sauti, nikaikubali.

Siku ya kwanza aliweka mezani mikanda miwili. Mmoja wa ngozi, wa kuzunguka shingo, una pete ya chuma. Wa pili wa turubai, unapita kifuani, unazunguka nyuma ya miguu ya mbele, na kamba inafungwa mgongoni.

"Chagua wewe," alisema. "Wewe ndiye unatembea naye."

Niliugeuza ule wa kifuani, nikauona kama matandiko ya punda. Nikafikiria njia ya sokoni na midomo iliyoko pale. Nikachagua wa shingoni. Nilikuwa na sababu nyingine pia: Bosi alikuwa na nguvu na mimi nilikuwa nimeishiwa, na mkanda wa shingo humfanya mbwa asikie. Akivuta, anabanwa, akibanwa, anarudi. Niliona ni jambo la akili.

Midomo ya sokoni haikuniacha hata hivyo.

"Salehe, onga mshi!" walinisalimu kwa Kisambaa. "Huyo mgeni wako anapelekwa wapi?"

"Anatembea tu," nilijibu.

"Anatembea tu! Hana shamba, hana msiba, anatembea tu!" Wauza karoti walicheka mpaka wakaegemeana. "Na bosi ni nani kati yenu?"

Nyumbani ilikuwa shida nyingine. Sisi ni Waislamu, na mate ya mbwa ni najisi. Hamza alisema wazi kwamba mtu anayeshika mbwa kutwa asiguse sufuria ya mama yake. Mama akapata njia ya kati. Pale ua wa michongoma unapoanza, aliweka debe la maji na rundo la udongo mwekundu. Hapo nilinawa mara saba, moja kwa udongo, nikabadili shati, ndipo nikaingia. Mbwa mwenyewe, nikiwa naye, alikomea pale kwenye michongoma. Mama aliketi barazani kwenye kiti chake cha kamba, akanihesabia kwa vidole kutoka mbali ili nisipunguze.

*

Aliyenituma hospitali alikuwa Mama Mbwa. Aliniona nimeshindwa kumimina chai bila kuimwaga. Akanipakia kwenye gari la mradi hadi hospitali kubwa kule tambarare, akaniacha getini na blanketi.

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa shingo, nikuambie linavyokuwa. Kila mtu anatazama shingo ya mwenzake. Unapanda cheo au unashuka kulingana na jirani yako. Pembeni yangu aliketi mama mtu mzima mwenye rovu kubwa kuliko langu mara mbili. Alinitazama, akavuta khanga akalifunua lake kabisa, akasema, "Vua skafu, mwanangu. Hapa ndipo mahali pekee tusipochekwa." Nikaivua. Akanimenyea chungwa, akanigawia vipande vidogo vidogo, kwa kuwa alijua vikubwa havipiti. Jina lake sikuwahi kulijua. Mpaka leo, kati ya dawa zote nilizopewa, chungwa lile nalikumbuka la kwanza.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa vidonge vya miezi mitatu ili moyo utulie kwanza, kisha nirudi nipasuliwe. Niliipima miezi ile kwa vidonge na kwa matunda: cha kwanza nilikimeza plamu zikiwa zinaanza kuiva, cha mwisho zikiwa zimekwisha na wingu la masika limeshaziba kilima cha Irente. Kutetemeka kukapungua. Nikanenepa kidogo. Lakini rovu halikupungua, na kamba, badala ya kulegea, ikaanza kuzama kwenye nyama.

Nikarudi. Nikapewa kitanda, shuka, na siku. Asubuhi ya siku yenyewe muuguzi alikuja na wembe na mkasi.

"Kaka, hii kamba tunaitoa."

"Hapana, dada. Haikatwi."

"Sasa daktari atapasua wapi? Juu ya kamba?"

"Aliyeifunga ndiye anayeifungua. Ni mama yangu."

"Yuko nje?"

"Yuko Lushoto."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Hakunigombeza. "Sikiliza, kaka. Kitanda hiki kina watu kumi wanakisubiri." Akamwita daktari. Daktari akaitazama ile kamba, akaniuliza kama ninaamini. Nikamwambia ukweli: siamini, lakini siwezi kumweka mama yangu rehani. Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Nenda basi, akufungue, urudi wiki hii hii. Usichelewe. Kitu hiki kinakua kuelekea ndani."

Kosa langu ndilo hilo, na nimeliandika hapa bila kulipunguza. Nilivaa shati nikaondoka.

Sikurudi wiki ile. Masika yalishuka kwa hasira, udongo ukaporomoka barabarani, tukakaa bila gari siku nyingi. Na hata barabara ingekuwa nzima, Mama alikataa. Nilisimama mbele yake barazani nikamweleza, na sauti yangu wakati huo ilikuwa imeshapungua nusu. Aliniangalia, akasema, "Bado haijalegea." Nikaeleza tena. Akasema, "Nikiifungua kabla ya wakati wake, nikakuua, nitamwambia nini baba yako aliyelala kule?"

Hamza alisimama mlangoni. "Mama, mvue! Ile ni kamba tu!"

"Wewe ulikataa hata kutusindikiza," Mama akamwambia. "Leo una neno?"

Wakarushiana maneno mpaka chakula kikapoa, mmoja akipaza sauti nyembamba, mwingine akisoma midomo. Mimi nilikuwa katikati. Kumeza mate tu kulitosha kunishughulisha.

*

Mvua zilipopungua nilirudi kazini kwa Bosi. Alikuwa amenenepa masika yote, amelala kwenye kibaraza bila matembezi. Nilimchukua njia ya Irente, jua limetoka, majani yanatoa mvuke. Kwenye kile kilima cha kwanza aliona kima barabarani, akaruka kwa nguvu zake zote. Mkanda ukamkaba. Akasimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, na kooni mwake ikatoka sauti.

Niliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikitoka kwangu nikipanda kilima, nikiinama kufunga kiatu, nikicheka. Mluzi mkavu, kama mtu anayevuta hewa kupitia unyasi.

Nikapiga magoti nikamfungua. Mkanda haukutoka mara moja, ulikuwa umegandana. Chini yake manyoya yalikuwa yameisha na nyama imekuwa nyekundu, ina majimaji. Nilikuwa nimemwona mbwa yule kila siku kabla ya masika, sikuwahi kuingiza kidole chini ya mkanda kuangalia kama unapitisha. Yeye hakulalamika. Alivuta, akabanwa, akarudi, nami nikamwita mtiifu.

Kazi ikabadilika hapo hapo. Nilimpeleka kwa Mama Mbwa, nikamfunga ule mkanda wa kifua niliokuwa nimeucheka, kisha nikateremka naye nyumbani. Kwenye michongoma nilisimama. Nikampungia Mama mkono aje.

Hakuwa amewahi kumsogelea yule mbwa. Siku hiyo alikuja hadi hatua tatu, akakusanya khanga yake isiguse kitu. Nikamwinua Bosi kidevu, nikamwonyesha lile jeraha linalozunguka shingo nzima. Mama alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akanitazama mimi. Akaja karibu, akaivuta skafu yangu, akaingiza kidole chini ya kamba. Hakikuingia. Alipokitoa, ncha yake ilikuwa na majimaji.

"Mbona hukuniambia inakubana?"

"Nilikuambia, Mama."

Alikuwa ananitazama mdomoni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba ananitazama mdomoni.

"Ulisema?"

"Nilisema. Mara mbili. Pale barazani."

"Basi sikukusikia," akasema.

Alikwenda jikoni akarudi na kisu cha kumenyea viazi. Alisema bismillahi, akaikata, akaitupa kwenye debe la udongo. Halafu akanawa mikono mara saba, kama mtu aliyeshika mbwa, na mara ya saba alikuwa analia.

*

Nilipasuliwa mwezi wa saba, wakati wa baridi kali. Hamza ndiye aliyenisindikiza. Alilala siku nane chini ya kitanda changu juu ya gunia, akinikorogea uji mwepesi kama maji, akimtania kila muuguzi. Daktari wa miwani ya uzi alinieleza mapema kwamba rovu limeukumbatia mshipa wa sauti. "Nitajitahidi. Uhai kwanza."

Nilizinduka nina bomba shingoni na hewa kifuani. Hewa! Msomaji uliyefunga skafu, nataka ujue habari hii kabla ya nyingine. Hewa iliingia yote, baridi, mpaka chini kabisa ya mbavu, kama nilivyokuwa nikivuta nikiwa mtoto pale Irente. Nililia kwa hewa ile. Midomo na vidole vilikuwa vinawasha kama vimechomwa na upupu, wakanidunga sindano, ikaisha.

Nikafungua mdomo nimwite Hamza. Hakikutoka kitu.

Wiki ya pili ukatoka mnong'ono. Wiki ya sita ukawa mkwaruzo, na hapo ndipo ulipokomea. Nilimwuliza daktari, nikiandika kwenye karatasi: kama ningekatwa kamba masika yale? Alisoma, akaikunja karatasi. "Huenda. Na huenda isingebadilisha kitu. Sitakudanganya, sijui."

Nilifika nyumbani mchana. Mama alikuwa barazani, amenipa mgongo, anachambua maharage. Nilisimama kwenye michongoma nikasema, "Mama, shikamoo." Aliendelea kuchambua. Nikasema tena, kwa nguvu zote nilizobakiza. Chembe za maharage ziliendelea kudondoka kwenye ungo. Hamza aliyekuwa nyuma yangu na mzigo alinipita, akaenda akamgusa bega, akamgeuza.

Aliitikia shikamoo akiisoma mdomoni mwangu. Nikawa kama Hamza, kama watu wote. Jioni ile aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini ambayo yeye mwenyewe hakuisikia. "Ni ile kamba?"

Nilitikisa kichwa. Hapana.

Sijui kama alinisadiki. Hakuuliza tena, nami sikurudia kujibu.

*

Kunadi ndiyo basi tena. Siku hizi nina meza ya mitumba, nakaa, wanaokuja wanakuja. Siku za gulio, nikisikia vijana wanaita juu ya meza zao, naondoka naenda kutembea mpaka wamalize. Kutembea ndiyo starehe niliyobakiwa nayo. Mradi ulipokwisha Mama Mbwa alirudi kwao, akaniachia Bosi na ile mikanda yote miwili.

Wapo watu walioniuliza, hasa vijana wanaofuga mbwa wa ulinzi siku hizi, upi ni bora. Nawajibu nilichokiona. Wa shingoni una kazi yake kwa mbwa aliyekwisha kufundishika, asiyevuta, na lazima vidole viwili vipite chini yake, uviingize kila wiki uone. Mbwa anayevuta, mbwa mwenye kikohozi, au mbwa ambaye bado anakua, mfunge kifuani. Atakuvuta zaidi, hilo ni kweli. Mkanda wa kifua unampa nguvu. Ukiwa mteremkoni atakuangusha. Miezi ile ya kwanza baada ya kupasuliwa nilianguka mara mbili. Lakini kwenye kupanda, nikiwa sina pumzi, Bosi alinivuta kilima kizima cha Irente kama trekta, nami nyuma nimeshika kamba, nacheka bila sauti. "Sasa tumemjua bosi ni nani!" wauza karoti walipiga kelele. Sikuwabishia.

Tena mbwa wa mkanda wa kifua hatembei pembeni yako. Anatangulia. Hilo lilimfanyia Mama jambo ambalo sikulipanga. Nilipokuwa narudi jioni, Bosi alitokeza kwanza kwenye kona ya michongoma, akasimama pale alipozoea, akatikisa mkia kuelekea barazani. Mama akimwona tu, aliweka ungo chini, akasema kwa sauti, kabla sijatokeza, "Marahaba! Umekuja na njaa au umekuja na maneno?" Shikamoo sikuwa nimeitoa. Aliijibu hivyo hivyo. Nikifika kwenye debe nilikuta amekwisha kuinua vidole, tayari kunihesabia mara saba.

Mama alifariki vuli iliyofuata, ugonjwa wa siku nne, si wa shingo. Kiti cha kamba Hamza alikiingiza ndani.

Nawe uliyejifunga skafu: kama kuna kitu shingoni kinakubana, nenda ukamwambie aliyekifunga. Mwambie leo, ungali na sauti, na umwangalie kama amesikia.

Bosi amezeeka sasa, amepata mvi mdomoni. Jioni tukirudi bado anatangulia. Anafika kwenye michongoma, anasimama pale pale, anatazama baraza. Mkia hautikisiki mara moja, anangoja kwanza. Nami nasimama nyuma yake, nimelegeza kamba, na simharakishi.